Hesabu ya Moto Uliositirika

Mtu asimamaye Birongo, katika nyanda za juu za Gusii, usiku wa mwezi wa Julai ambapo mawingu yamejitenga na mwezi haujachomoza, akiinua uso wake mnamo saa nne ataona mkanda mweupe wa nyota umeikata mbingu kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, nao ndio galaksi yetu itazamwayo kutoka ndani yake. Na akizidi kutazama kwa utulivu, mahali mkanda huo ulipo mpana na mnene, ataona mabaka meusi yaliyoupasua kwa urefu. Mabaka hayo si utupu. William Herschel, mwanafalaki mashuhuri wa Uingereza wa karne ya 18, aliyaona kwa darubini yake akayadhania kuwa ni matundu katika mbingu, mahali pasipo na nyota. Ikapita zaidi ya karne moja, hata picha za Edward Emerson Barnard na vipimo alivyovitoa Robert Trumpler mwaka 1930 vikathibitisha kwamba nyota zipo tele nyuma ya weusi ule, illa zimesitiriwa na vumbi.

Vumbi hilo ni dogo kwa umbile na kubwa kwa taathira. Chembe zake ni za kadiri ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, nazo zimeumbwa kwa mata zilezile tuzikanyagazo kila siku: kaboni, ambayo ndiyo asili ya masizi, na silikati, ambayo ndiyo jamii ya madini iliyomo katika udongo wa mfinyanzi wa mabonde ya Gusii na katika lile jiwe laini la Tabaka ambalo mafundi hulichonga vinyago. Nuru ya nyota inapoziangukia chembe hizo haipotei, maana katika maumbile hakuna nguvu ipoteayo: chembe huimeza nuru, hupata joto kidogo, kisha hulitoa joto hilo kwa mionzi ambayo jicho la binadamu halikujaliwa kuipokea, mionzi ya infraredi. Nayo mionzi hiyo, kwa sadfa ya ajabu, iligunduliwa mwaka 1800 na Herschel yuleyule, alipoipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu akaweka vipimajoto penye kila rangi, akaona kwamba kipimajoto kilichowekwa nje ya wekundu, pasipo na rangi yoyote, kilipanda kuliko vyote. Aliyelidhania vumbi kuwa tundu ndiye aliyeufungua mlango wa nuru ambayo kwayo vumbi lingekuja kujulikana, naye alifariki mwaka 1822 bila ya kujua kwamba mambo hayo mawili yana nasaba.

Kanuni inayotawala nuru ya namna hii ni nyepesi kuieleza. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, na kadiri kitu kilivyo baridi ndivyo mawimbi ya mionzi yake yalivyo marefu. Jua, ambalo uso wake una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, hutoa nuru ionekanayo. Mwili wa mtu mwenye afya hutoa mionzi ambayo kilele chake kipo karibu na maikroni 9, yaani sehemu tisa katika milioni za mita. Na vumbi la angani, ambalo aghalabu huwa na baridi kali ya nyuzi 220 au 240 chini ya sifuri, hutoa mionzi ya maikroni 60, 100 na zaidi.

Hapo Birongo na katika vijiji vyote vya jirani yapo mafunzo ya jambo hili ambayo hayahitaji kitabu, nayo ni tanuri la matofali. Mafundi huyapanga matofali mabichi yakawa rundo kubwa kuliko nyumba, wakaacha chini yake matundu ya kutilia kuni za mkaratusi, kisha wakalikandika rundo zima kwa matope ili joto lisikimbie, na moto ukawaka humo mchana na usiku. Apitaye upande wa ubavu haoni mwali hata mmoja. Huona ukuta wa matope tu, lakini akikaribia huhisi uso wake ukipigwa na joto, akajua kwamba ndani mna moto mkubwa. Apitaye upande wa matundu, kinyume chake, huuona moto wenyewe, mwekundu na mweupe, hata akalazimika kugeuza macho. Watu hao wawili wametazama tanuri moja, saa moja, na kila mmoja akiulizwa ukubwa wa moto atatoa jawabu lake kwa mujibu wa mahali aliposimama. Swali ninalotaka kulieleza katika makala haya ni hilohilo, ila limehamishiwa katika galaksi nzima: aliye nje ya ukuta wa vumbi, asiyeweza kuuzunguka wala kuubomoa, atajuaje ndani mnawaka nini na kwa kiasi gani?

Kwamba swali hili lina uzito kulidhihirika mwaka 1983. Tarehe 25 Januari mwaka huo Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha setilaiti iliyoitwa IRAS, ya kwanza kuipekua karibu mbingu yote kwa mionzi ya infraredi, katika mawimbi ya maikroni 12, 25, 60 na 100. Ilifanya kazi miezi kumi hivi, mpaka heliamu ya majimaji iliyoipoza ikaisha, na katika muda huo mfupi iliandika vyanzo vya mionzi karibu 350,000. Miongoni mwake palikuwa na galaksi ambazo katika picha za kawaida zilikuwa hafifu, zisizomvutia mtu, ilhali katika infraredi ziling'aa kupita kiasi. Galaksi yetu, pamoja na mamia ya bilioni ya nyota zake, hutoa nuru ya makumi ya bilioni ya majua. Hizo zilitoa nuru ya majua trilioni moja, nyingine zaidi, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nuru hiyo zilitoka kwa njia ya vumbi. Wanafalaki wakaziweka katika madaraja: zilizofika majua bilioni mia moja, zilizofika trilioni moja, na chache zilizopita trilioni kumi. Iliyo karibu zaidi nasi katika daraja la pili ni ile iitwayo Arp 220, iliyo mbali kiasi cha miaka ya nuru milioni 250, nayo ni galaksi mbili zilizogongana na kuchanganyika, viini vyake vikiwa vimebakiwa na nafasi ya miaka ya nuru elfu moja na kitu tu. Karibu zote za daraja hilo zina alama za mgongano wa namna hiyo, maana galaksi zikigongana gesi yake humiminika kuelekea katikati, na vumbi huifuata.

Mtu wa Gusii anaweza kuuliza kwa haki kwa nini mionzi hiyo isipimwe kutoka kilimani, badala ya kupeleka mitambo angani kwa gharama kubwa. Jibu limo katika mvua inayowastawishia chai na migomba. Mvuke wa maji ulio hewani humeza mionzi ya infraredi ya mawimbi marefu kabla haijafika ardhini, na nchi yenye unyevu wa Birongo, ambako ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida, imefungiwa mlango huo kabisa. Hata vilele vikavu vya Mauna Kea huko Hawaii, na uwanda wa Chajnantor wa Chile ulio juu mita 5,000, hufunguliwa sehemu chache tu za mionzi hiyo. Fauka ya hayo hewa yenyewe ina joto, na darubini nayo ina joto, na kila chenye joto hutoa mionzi ileile itafutwayo. Ndiyo sababu baada ya IRAS vilifuata vyombo vingine vilivyopozwa na kupelekwa angani: Spitzer ya Marekani, iliyofanya kazi tangu mwaka 2003 hadi 2020, Herschel ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyopewa jina la mgunduzi, yenye kioo cha mita 3.5, iliyorushwa tarehe 14 Mei 2009 na kuishiwa na heliamu mwaka 2013. Na James Webb iliyorushwa kutoka Guyana ya Kifaransa siku ya Krismasi ya mwaka 2021, ambayo kituo cha Malindi katika pwani yetu kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoifuatilia roketi yake katika safari ya mwanzo.

Turudi kwenye kinachowaka ndani. Wanafalaki wana watuhumiwa wawili. Wa kwanza ni nyota changa: gesi iliyosongwa katikati ya galaksi huzaa nyota kwa kasi ya majua mia moja au zaidi kila mwaka, ilhali galaksi yetu huzaa kiasi cha jua moja au mawili, na zile nyota kubwa miongoni mwake huwaka kwa ukali, hufa upesi, na vumbi huimeza karibu nuru yote zinayoitoa. Wa pili ni shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua, linalovuta gesi kutoka pande zote. Gesi hiyo kabla haijazama huzunguka na kusuguana hata ikatoa nuru nyingi ajabu, maana mata iangukiayo shimo jeusi huweza kutoa kiasi cha sehemu kumi katika mia za uzito wake kwa umbo la nuru, na moto wa nyuklia wa nyota hautoi hata sehemu moja katika mia. Shimo hilo limezungukwa na pete nene ya vumbi, iliyo wazi juu na chini na iliyofungwa ubavuni, na hapa msomaji ataikumbuka ile tofauti ya matundu na ubavu wa tanuri, kwa kuwa galaksi ileile ingeonekana kuwa na kiini king'aacho mno lau tungeitazama kutoka juu ya pete, na huonekana kuwa vumbi tupu tuitazamapo kutoka ubavuni.

Njia moja ya kumtambua mtuhumiwa wa pili ni eksirei, ambazo zile kali miongoni mwake hupenya vumbi, na hapo nchi ya Kenya ina sehemu yake katika historia ambayo vijana wetu hawaambiwi vya kutosha. Tarehe 12 Desemba 1970, katika sikukuu ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa elimu ya eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya nchi iliyoipokea. Daftari lake la mwisho lilikuwa na vyanzo 339, na miongoni mwake zilikuwamo galaksi ambazo viini vyake leo twajua kuwa ni mashimo meusi yanayokula gesi. Lakini pete ikiwa nene mno hata eksirei hukwama, na hapo hakuna msaada ila kurudi kwenye joto la vumbi na kulihoji.

Kulihoji huko ndiko kutengeneza kielelezo cha hesabu, nami nitakieleza kwa taratibu, maana ndicho kiini cha jambo. Mfanya kielelezo huanza kwa kudhani: achukulie kwamba kuna pete ya vumbi ya unene fulani, yenye uwazi wa pembe fulani, iliyoinamishwa kwetu kwa kadiri fulani, na katikati yake pana chanzo cha nuru, au achukulie mawingu ya vumbi ambayo ndani yake nyota zimezaliwa, tuseme, miaka milioni tano au milioni thelathini iliyopita. Kisha aifuate nuru hatua kwa hatua. Tabaka la ndani la pete, lililo karibu na shimo, hupata joto la zaidi ya nyuzi elfu moja, na likizidi hapo chembe huyeyuka zikawa mvuke; tabaka la pili hupokea nuru iliyosalia pamoja na joto la tabaka la kwanza; la tatu hupokea ya yote mawili, na kila tabaka hurudisha sehemu ya joto lake nyuma kwa lile lililotangulia. Kwa hiyo joto la tabaka moja halijulikani mpaka yajulikane ya mengine, na ya mengine hayajulikani mpaka lijulikane la hilo moja. Hesabu hufanywa kwa kukisia, kusahihisha na kurudia tena na tena hata namba zitulie. Misingi ya hesabu hii iliwekwa na wengi, na Subrahmanyan Chandrasekhar, mzaliwa wa Lahore, aliikusanya katika kitabu alichokitoa mwaka 1950. Edward Pier na Julian Krolik waliitumia kwa pete za mashimo meusi mwaka 1992, na mwaka 1995 Andreas Efstathiou na Michael Rowan-Robinson wakaonyesha maumbo mengine ya pete na namna kila umbo linavyobadili nuru itokayo.

Zao la kila kielelezo ni mstari mmoja uonyeshao kiasi cha nuru kwa kila urefu wa wimbi, na katika mstari huo mna dalili ambazo mtaalamu huzitafuta kwanza. Ya kwanza ni pengo karibu na maikroni 9.7, mahali silikati inapomeza mionzi kwa kutikisika kwa kifungo cha silikoni na oksijeni. Pengo likiwa refu sana, hapana shaka kwamba chanzo cha joto kimezikwa ndani ya vumbi zito. Ya pili ni vilele vya maikroni 3.3, 6.2, 7.7, 8.6 na 11.3, vitolewavyo na molekuli za kaboni zilizofungamana kwa pete za pembe sita, jamii ileile ya mata iliyomo katika masizi ya majiko ya kuni. Molekuli hizo husalimika penye uzazi wa nyota, na aghalabu huvunjwa na nuru kali ya shimo jeusi, kwa hiyo kuwapo kwake na kukosekana kwake ni ushahidi. Ya tatu ni mahali kilele kikuu kilipo, maana vumbi lililopashwa joto na shimo jeusi huwa na moto zaidi na hung'aa katika mawimbi mafupi kuliko lile la nyota.

Kisha mstari wa hesabu hulinganishwa na vipimo vya setilaiti. Zamani mtaalamu alichora mistari michache akachagua iliyofanana. Leo hutengeneza maktaba ya maelfu ya vielelezo, na programu ya kompyuta hutembea ndani ya maktaba hiyo kwa hatua za bahati nasibu zenye kanuni, ikikaa zaidi mahali vipimo vinapokubali na kupita upesi mahali vinapokataa, hata mwisho wake ikatoa, badala ya jawabu moja, kadiri ya majawabu pamoja na uzito wa kila moja. Naiona hii kuwa ni adabu bora katika elimu: mtaalamu halazimiki kujifanya ana yakini asiyokuwa nayo.

Galaksi iliyonivuta kuandika haya inaitwa IRAS 08572+3915, jina ambalo si jina hasa bali ni anwani ya mahali ilipo mbinguni. Kutoka Birongo, katikati ya mwezi wa Machi, mnamo saa nne usiku, mahali pake pako upande wa kaskazini, katikati hivi ya upeo wa macho na utosi, katika kundi hafifu la nyota liitwalo Lynx. Jicho halitaona kitu hapo, na majira hayo ya mvua huenda lisione hata nyota. Ni galaksi mbili katika mgongano, nuru yake ikiwa imesafiri miaka milioni mia nane hivi kabla ya kutufikia, na pengo lake la silikati ni mojawapo ya mapengo marefu kuliko yote yajulikanayo, ilhali vilele vya zile molekuli za kaboni havikuonekana. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa na mng'ao wa majua trilioni mbili hivi, jambo lililoiweka katika daraja la pili pamoja na wenzake wengi.

Mwaka 2014 Efstathiou, wa Chuo Kikuu cha Ulaya cha Cyprus, pamoja na wenzake, walivichukua vipimo vipya vya Herschel wakavitia katika kielelezo, na jawabu likawa kwamba sehemu tisa katika kumi za nguvu ya galaksi hiyo zatoka kwa shimo jeusi lililozungukwa na pete laini ya vumbi, nasi twaitazama pete hiyo karibu kabisa kutoka ubavuni. Na hapa ndipo hesabu ya zamani ilipokosea. Aliyepima joto akazidisha kwa umbali alichukulia kwamba galaksi hutoa nuru sawasawa kila upande, hali pete nene humfichia aliye ubavuni vumbi lake la ndani lenye moto zaidi, na walio upande wa uwazi, kama wapo, hupokea nuru nyingi kuliko sisi. Pete ilipohesabiwa kwa umbo lake, mng'ao kamili ukapanda mara tano, ukafika majua trilioni 11. Kwa hesabu hiyo galaksi iliyodhaniwa kuwa moja katika nyingi imekuwa, yumkini, yenye mng'ao wa infraredi mkubwa kuliko zote katika ujirani wetu wa ulimwengu, na iliyo karibu zaidi katika daraja la trilioni kumi. Hakuna kitu kilichobadilika mbinguni. Kipimo cha joto kilichoingia katika darubini kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kulitia umbo la ukuta katika hesabu.

Msomaji mwangalifu ataona hatari iliyopo: ikiwa kielelezo kinaweza kukizidisha kitu mara tano, basi kielelezo kibaya kinaweza kutudanganya mara tano. Ni kweli, na historia ya fani hii ina funzo lake. Mwaka 1991 Rowan-Robinson na wenzake walitangaza kwamba chanzo kimoja katika daftari la IRAS, kiitwacho F10214+4724, ambacho nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi, kina mng'ao wa majua trilioni mia tatu, ukubwa uliopita vyote vilivyojulikana wakati huo. Miaka michache baadaye ikadhihirika kwamba mbele yake, katika mstari uleule wa macho, ipo galaksi nyingine ambayo mvutano wake umeipinda nuru na kuikuza mara nyingi, kama ilivyotabiriwa na nadharia ya Einstein. Galaksi ile bado ni kubwa mno, ila haikuwa jitu lile lililodhaniwa. Hapo vumbi halikuwa na hatia, wala kipimo. Kilichokosekana katika hesabu ni mpatanishi aliyesimama njiani. Vielelezo viwili vyenye umbo tofauti vyaweza pia kutoa mistari inayofanana, hasa vipimo vinapokuwa vichache, na kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hutaka vipimo vya mawimbi yote, kutoka nuru ionekanayo hadi mawimbi ya karibu milimita moja, kabla ya kuamua.

Kazi pana zaidi ya namna hiyo ilichapishwa mwaka 2022, ambamo Efstathiou na wenzake waliziweka galaksi 42 za ujirani wetu, zilizopimwa na Herschel na Spitzer, katika vielelezo vyao. Walikuta kwamba zote zina uzazi mkubwa wa nyota, na kwamba katika zote shimo jeusi nalo lina mchango wa maana. Kwamba kwa pete zitazamwazo kutoka ubavuni masahihisho ya mng'ao yaweza kufika mara kumi hivi. Na kwamba hapana dalili kuwa moto mmoja huuchochea au kuuzima mwingine. Jambo hili la mwisho lina ubishi, na Afrika Mashariki imo katika ubishi huo. Mwaka 2017 Mnyarwanda Antoine Mahoro, pamoja na Mirjana Pović wa taasisi ya sayansi ya anga ya Ethiopia, ambayo kituo chake cha darubini kipo mlimani Entoto, na Pheneas Nkundabakura wa Chuo Kikuu cha Rwanda, walichapisha katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Falaki ya Uingereza uchunguzi wa galaksi za mbali ambazo rangi zake huonyesha kwamba zimo safarini kutoka ujana wa kuzaa nyota kwenda uzeeni. Wakitumia vipimo vya infraredi vya Herschel, waliona kwamba zile zenye shimo jeusi lililo hai, na zenye mionzi ya vumbi baridi, huzaa nyota kwa wingi kuliko zile zisizo nalo, badala ya kuzaa kwa uchache kama wengi walivyotarajia, wakasema kwamba yumkini shimo jeusi huusaidia uzazi wa nyota badala ya kuukomesha.

Mimi siyaoni matokeo hayo mawili kuwa maadui. Kundi moja lilitazama galaksi za jirani zilizo katikati ya mgongano, na lingine galaksi za mbali zilizochaguliwa kwa rangi. Sheria ya wakati mmoja wa maisha ya galaksi huenda isiwe sheria ya wakati mwingine. Lililo kubwa machoni pangu ni kwamba wachunguzi wa Kigali na Addis Ababa waliingia katika suala hili bila ya kumiliki setilaiti yoyote, maana vipimo vya IRAS, Spitzer na Herschel vimewekwa wazi katika hazina za intaneti, na mwanafunzi wa Kisii mwenye kompyuta, hisabati na subira anaweza kuvishusha leo hii bila ya kulipa.

Vipimo vipya, hata hivyo, vimepungua. Tangu Herschel iishiwe na heliamu mwaka 2013 haijarushwa darubini nyingine ya nguvu kama yake kuangalia vumbi baridi kutoka angani. James Webb, pamoja na uwezo wake wote, huishia kwenye maikroni 28 hivi, hali kilele cha galaksi hizi kipo mbele ya hapo. Mwaka 2024 Marekani iliteua mapendekezo mawili ya kuchunguzwa zaidi, moja la eksirei liitwalo AXIS na moja la infraredi ya mbali liitwalo PRIMA, ili mojawapo lichaguliwe na kurushwa mwaka 2032. Yote mawili yakusudia kutafuta, kila moja kwa njia yake, mashimo meusi yaliyozikwa. Nyingi za galaksi zenye mng'ao uliokithiri ziliishi miaka bilioni kumi iliyopita, wakati ulimwengu ulipozaa nyota kwa wingi kuliko wakati wowote, na mng'ao wa nyingi miongoni mwake umehesabiwa kwa kuchukulia kwamba zatoa nuru sawa kila upande. Ikiwa pete zake ni nene kama ile ya IRAS 08572+3915, basi hesabu ya nuru yote iliyotolewa na mashimo meusi tangu zama hizo itabidi ifanywe upya.